Joto la Gari la Dizeli: Niliyojifunza Ujerumani na Ninayoyaona Gereji Mwanza

Dereva aliyeendesha dizeli hapa Mwanza tu anaifahamu injini hiyo kwa upande mmoja. Anajua inavyochemsha ikipanda kilima cha Bugando na mzigo mchana wa jua kali, anajua kuegesha pembeni, kufungua boneti na kusubiri mpaka rejeta, kile kipozeo cha maji ya injini, ipoe, na akionyeshwa kitufe cha hita kwenye dashibodi hukiona kuwa ni kitu cha nchi nyingine kisichomhusu. Upande wa pili, ule ambao injini hiyo hiyo inagoma kupata moto na dereva anatetemeka huku mkono wa hita umefunguliwa mpaka mwisho, hauonekani pembezoni mwa Ziwa Victoria. Mimi niliuona kusini mwa Ujerumani, nilikofanya kazi ya kusambaza vifurushi kwa gari la dizeli kwenye miji midogo inayoizunguka München, na tangu nirudi nyumbani na kufungua gereji yangu Igogo, pande hizo mbili hukutana mbele yangu karibu kila wiki. Ninaandika haya kwa sababu magari mengi tunayonunua hapa yalitengenezwa kwa kuzingatia baridi, na kwa kutoelewa jambo hilo tunayafanyia vitu vinavyoyafupishia maisha.

Baridi ya kule ielezwe kidogo kwanza. Alfajiri ya Januari hali ya hewa hushuka hadi nyuzijoto 10 chini ya sifuri, mara nyingine zaidi. Kioo cha mbele huwa kimefunikwa na jalidi ngumu inayokwanguliwa kwa kipande cha plastiki, na ukishaingia ndani na kufunga mlango, pumzi yako mwenyewe inaganda upande wa ndani wa kioo, ukakwangua tena. Jirani yangu alikuwa na gari dogo la petroli. Mara nyingi tuliwasha magari kwa wakati mmoja na kuongozana mpaka barabara kuu, na kila mara yeye alikuwa amekwishapata kioo safi na hewa ya uvuguvugu miguuni, ilhali mimi nilikuwa bado ninachungulia kupitia kitobo kidogo kilichofunguka juu ya dashibodi. Gari langu halikuwa bovu. Lilikuwa limefanyiwa matengenezo yote, kulanti, yaani maji yenye dawa ya kupozea injini, ilijaa, na likishafika barabara ya kasi lilitoa joto zuri kabisa. Tofauti ilikuwa katika asili ya injini yenyewe.

Aliyenifumbua macho ni fundi mzee wa yadi yetu, mtu wa maneno machache, ambaye siku moja alinishika mkono na kuupeleka karibu na bomba la moshi la gari langu lililokuwa linaunguruma palepale, kisha akaupeleka kwenye bomba la gari la petroli lililosimama kando. Moshi wa dizeli ulikuwa wa vuguvugu, wa petroli ulikuwa wa moto. Ndipo nilipokumbuka jikoni kwa bibi yangu Misungwi. Moto wa mafiga matatu hula kuni nyingi na kupasha jiko zima, watoto wakauzunguka kuota. Lakini bibi alipojengewa jiko bunifu la udongo, sufuria ilichemka kwa kuni chache na chumba kikabaki na ubaridi wake, kwa sababu moto wote ulikuwa unaingia kwenye sufuria. Dizeli ndiyo hilo jiko la udongo. Joto linalompasha abiria ni sehemu ya mafuta ambayo injini imeshindwa kuigeuza kuwa mwendo, na injini inayopoteza kidogo haina kingi cha kumgawia.

Kwa takwimu, injini ya dizeli ikifanya kazi katika hali yake nzuri hugeuza takriban asilimia 40 ya nishati ya mafuta kuwa nguvu ya kusukuma gari, wakati petroli ya kawaida hubaki nyuma kidogo. Lakini tofauti hiyo haielezi yote, maana iko kubwa zaidi pale gari linapotembea polepole au kusimama. Injini ya petroli ina mlango mdogo unaozuia hewa. Ukiachia mguu, mlango unafunga, inaingia hewa kidogo na mafuta kidogo kwa uwiano ambao haubadiliki sana, karibu kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya mafuta. Dizeli ya kawaida haipunguzi hewa kwa namna hiyo. Kila silinda huvuta hewa yake karibu yote, uwe unapanda mlima au umesimama kwenye taa, na kinachopunguzwa ni mafuta tu. Ikiwa inaunguruma bila mzigo, hewa inaweza kuzidi mafuta kwa zaidi ya mara 50 kwa uzito. Basi fikiria hewa ya nyuzi 10 chini ya sifuri ikiingia kwa wingi hivyo kwenye silinda, kupashwa kidogo na tone la mafuta, kisha kutoka kwenye bomba la moshi ikiwa imebeba sehemu ya joto ambalo tungelipenda liende kwenye maji yanayozunguka ndani ya injini na kuipasha hita. Injini inakuwa inajipoza yenyewe.

Kuna na uzito wa chuma. Rudolf Diesel, aliyepata hataza ya injini yake mwaka 1893 na kuonyesha injini iliyofanya kazi vizuri huko Augsburg mwaka 1897, hakutaka plagi ya cheche; alitaka hewa igandamizwe mpaka iwe na joto la kuwasha mafuta yenyewe. Mgandamizo huo, ambao kwa magari ya dizeli huwa kati ya mara 16 na 22, unahitaji bloku nene, yaani mwili wa injini wenye silinda, hedi nzito ya kuifunika, pistoni na fimbo imara. Chuma chote hicho kimelala usiku kucha kwenye baridi, na asubuhi ni lazima kipate moto kabla ya maji yanayopita hita hayajawa na cha kutoa.

Nililitilia mashaka hili mpaka nilipojipigia hesabu. Lita moja ya dizeli ina nishati ya takriban kilowatisaa 10. Injini ya lita mbili ikiunguruma bila kutembea hula kiasi cha nusu lita kwa saa, yaani kilowati 5 tu kwa jumla. Toa nguvu inayotumika kuzungusha injini yenyewe, pampu na altaneta inayozalisha umeme wa gari, toa inayopotea na moshi na kwenye ukuta wa chuma kilichopozwa na upepo, kinachobaki kwa ajili ya maji ni kilowati moja au mbili, na gari la mizigo lenye bodi ya bati na vioo vikubwa linaweza kupoteza joto lote hilo kupitia vioo na bati lake. Ndiyo maana mtu anaweza kuiacha dizeli ikiunguruma nusu saa nje ya nyumba na akaikuta bado baridi. Kupiga resi ikiwa gia haijaingia hakusaidii sana, kwa sababu mafuta yanaongezeka kidogo na hewa baridi inaongezeka nyingi. Isitoshe, sheria ya barabarani ya Ujerumani inakataza kuacha injini inaunguruma bila sababu, na majirani wa kule hawasiti kukukumbusha.

Kinachopasha dizeli ni kazi. Ukiondoka mara tu oili inapokuwa imezunguka, ukaendesha kwa utulivu bila kukanyaga sana lakini gari likiwa na mzigo na gia ya kufaa, mafuta yanayochomwa kila dakika huongezeka mara kadhaa, na joto huja. Nilizoea kupanga njia yangu ya asubuhi nianze na barabara ndefu iliyonyooka kabla ya kuingia mitaani, maana kusimama na kuondoka kila nyumba ya tatu kuliifanya sindano ya geji ya joto isinyanyuke. Mteremko mrefu nao ulikuwa adui. Ukiachia mguu mlimani injini haipewi mafuta kabisa, inasukumwa na magurudumu huku ikivuta hewa ya theluji na kuitoa, na hita ikifunguliwa kwa nguvu zote sindano hurudi chini mbele ya macho yako. Mtu aliyezoea Mwanza, ambako mteremko ni nafasi ya kuipumzisha injini iliyochemka, huona jambo hilo kama uchawi. Feni ya hita nayo nilijifunza kuiwasha kwa uchache. Ukiifungulia tangu mwanzo unayavua maji joto lile dogo yanalolipata na kuichelewesha injini nzima. Ukisubiri mpaka sindano ianze kuondoka chini, kisha ukaelekeza hewa yote kwenye kioo kwa mwendo mdogo wa feni, utaona njia mapema zaidi na kwa usalama.

Wahandisi wa Ulaya walilijua tatizo hili muda mrefu, na namna walivyolitatua ilinivutia kuliko kitu kingine chochote katika kazi ile. Magari mengi ya dizeli ya miaka ya karibuni yana vipande vya seramiki ndani ya njia ya hewa ya hita, vinavyopashwa kwa umeme wa gari, kiasi cha kilowati moja. Kwa mfumo wa volti 12, kilowati moja ni takriban ampea 80, mzigo mkubwa kwa altaneta, lakini mzigo huo nao ni faida, kwa kuwa injini inalazimika kuchoma mafuta zaidi ili kuizungusha altaneta na mafuta hayo yanayapasha maji. Vipande hivyo vina tabia njema ya kuzuia umeme kadiri vinavyopata moto, kwa hiyo haviungui.

Kilicho bora zaidi ni hita inayochoma mafuta yake yenyewe. Kampuni mbili za Kijerumani, Webasto na Eberspächer, ndizo zinazojulikana sana kwa kifaa hiki. Ni kisanduku kidogo kinachofungwa karibu na injini, chenye pampu yake ya mafuta, plagi ya kuwashia na feni. Kinavuta dizeli kutoka kwenye tangi la gari, kinaichoma ndani ya chumba chake na kuyapasha maji ya kulanti ambayo pampu ndogo ya umeme inayazungusha kupitia injini na hita. Cha gari dogo hutoa hadi kilowati 5 na hula zaidi kidogo ya nusu lita kwa saa, yaani karibu kiasi kile kile kinacholiwa na injini iliyosimama, isipokuwa hapa joto karibu lote linaingia kwenye maji. Siku gari langu lilipobadilishwa nikapewa lenye kifaa hiki, nililitegea saa usiku, na asubuhi nikakuta jalidi imeyeyuka kwenye kioo na injini ikawaka mara moja kwa sauti laini, kama vile ni adhuhuri ya Nyegezi. Sikuona tena moshi mweupe wa mafuta yasiyoungua. Nchi za kaskazini zaidi, kama Uswidi, Ufini na Kanada, watu huchomeka pia hita za umeme zilizopachikwa ndani ya bloku, na nguzo za umeme zimewekwa kwenye maegesho kwa kazi hiyo.

Kuhusu mafuta yenyewe nitasema kwa ufupi. Dizeli ina nta ndani yake, ambayo kwenye baridi kali huganda kuwa chembechembe na kuziba filta. Kwa hiyo Ujerumani huuza dizeli ya majira ya baridi, ambayo kuanzia tarehe 16 Novemba hadi mwisho wa Februari ni lazima iweze kupita kwenye filta hata kwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Nimeshuhudia malori yaliyojaza matangi nchi za joto za kusini yakizimikia barabarani baada ya kuvuka milima ya Alpi, madereva wakimwagia maji ya moto filta zilizojaa uji mweupe. Mafuta ya Mwanza hayana sababu ya kuandaliwa hivyo, kwani hata usiku wa baridi hapa ziwani kwa kawaida bado ni nyuzi 15 hivi au zaidi.

Sasa nije nyumbani. Ndani ya mfumo wa maji wa kila injini kuna themostati, kidude cha shaba na chuma kinachoenea kwenye kiganja, chenye kifuko cha nta ndani yake. Injini ikiwa baridi kinafunga njia ya kwenda kwenye rejeta, maji yanazunguka ndani ya bloku na kwenye hita pekee mpaka yafike kiasi cha nyuzi 82 au 88, kwa kutegemea namba iliyogongwa juu yake. Hapo nta inatanuka, inasukuma mlango, na maji yanaanza kwenda kupozwa. Katika gereji nyingi za hapa kwetu kidude hiki hung'olewa na kutupwa gari linapochemsha kwa mara ya kwanza. Mteja mmoja mwenye Hilux, mtu mzima wa kuheshimika, aliniambia maneno ambayo nimeyasikia kwa wengi: “Fundi, hicho si kimewekewa nchi za baridi? Huku kwetu joto lipo la kutosha, kitoe tu.” Nikamjibu, “Mzee wangu, hewa ya Mwanza ikiwa na joto sana inafika nyuzi 30 na kitu. Injini yako inataka 85. Kwa injini, hata Mwanza ni nchi ya baridi.”

Sikusema vile kumfurahisha. Dizeli isiyo na themostati, hasa ikitembea bila mzigo, hubaki chini ya joto lake kwa safari nzima. Mafuta yanayopulizwa kwenye silinda ya ubaridi hayaungui yote. Mengine yanashuka kwenye kuta za silinda, yanaosha oili na kuingia kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, oili inakuwa nyepesi na ringi za pistoni zinakula kuta. Moshi unaongezeka na matumizi ya mafuta yanapanda. Na lipo jambo linalowashangaza hata mafundi wenzangu: kwa baadhi ya injini, kuondoa themostati kunaweza kuongeza kuchemsha. Themostati za aina hiyo zina kisahani cha chini ambacho, mlango mkuu ukifunguka, huziba njia ya mkato inayoyarudisha maji kwenye bloku bila kupita rejeta. Ukiitoa themostati, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na gari likipanda mlima na mzigo sehemu ya maji yanazunguka bila kupozwa. Gari lililochemsha kwa sababu rejeta imeziba au wota pampu imechoka linahitaji rejeta na pampu, na themostati haina hatia.

Ushahidi nilioushika kwa mikono yangu niliupata kwenye Canter ya mjomba wangu, anayechukua dagaa Mwaloni Kirumba kupeleka Njombe na kurudi na viazi. Mwezi wa Julai aliniomba niandamane naye kwa sababu gari lilikuwa linatoa moshi na kula mafuta isivyo kawaida. Kutoka Mwanza mpaka Dodoma hapakuwa na la ajabu, ila sindano ya geji ilikaa chini sana. Tulipopita Iringa na kuanza kuikaribia Makambako usiku, baridi ikaingia kweli, kwa maana Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na mwezi huo jalidi huanguka kwenye nyanda za juu za huko, Kitulo hasa. Mjomba alifungua hita, ikatoa upepo wa ubaridi. “Mjomba, hii hita imekufa zamani,” akaniambia, akiwa amejifunga shuka kiunoni huku anaendesha. Tuliposimama, nilizima gari, kesho yake alfajiri nikaliwasha likiwa limelala, na baada ya muda mfupi nikashika hozi ya juu ya rejeta, kisha ya chini. Zote mbili zilikuwa zinapanda joto pamoja, polepole. Themostati nzima ingeiacha hozi ya juu katika ubaridi kwa muda mrefu, halafu ghafla ingekuwa ya moto. Hapo nikajua kwamba ndani hamna kitu.

Kwa kuwa maduka yalikuwa hayajafunguliwa, tulikata boksi gumu tukaliingiza mbele ya rejeta kufunika nusu yake, kama nilivyowaona madereva wa malori ya Ulaya wakifanya, tukaendelea na safari huku jicho langu likiwa kwenye geji. Sindano ilipanda, na hita iliyosemwa imekufa ikaanza kutoa uvuguvugu. Njombe tulinunua themostati na gasketi yake, nikaifunga wakati viazi vinapakiwa. Tukirudi, boksi tukiwa tumelitoa, sindano ilisimama katikati tangu tulipoiacha Makambako nyuma mpaka tulipoingia Shinyanga, moshi ukapungua kwa kiasi ambacho mjomba alikiona kwenye kioo cha pembeni, na mlio wa injini ulikuwa mwingine. Tangu siku hiyo kila gari analonunua huniletea nilikague themostati kabla ya kulitia barabarani.

Hita yenyewe nayo inastahili heshima zaidi kuliko tunavyoipa. Magari mengi yanayofika kwangu hozi za hita zimeunganishwa moja kwa moja kwa kipande cha bomba, kwa sababu rejeta yake ndogo iliyoko chini ya dashibodi ilitoboka, na fundi aliyetangulia aliona si lazima kununua nyingine. Mara nyingi ilitoboka au kuziba kwa ajili ya maji ya bomba au ya ziwani yaliyomiminwa badala ya kulanti. Kulanti iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji safi haigandi mpaka karibu nyuzi 37 chini ya sifuri, na kwa jambo hilo Mwanza hatuna shida nalo. Lakini inazuia kutu na inachelewesha kuchemka, mambo ambayo tunayahitaji kuliko Wajerumani. Na hita isiyo na kasoro ni rejeta ya pili. Sindano ikianza kupanda kupita kiasi mlimani na hakuna mahali pa kusimama, fungua hita yote na feni yake, teremsha vioo, na utaliondolea joto gari mpaka upate pa kuegesha. Msimu wa masika hita ndiyo inayofuta ukungu kwenye kioo, na dereva wa daladala anayefuta kioo kwa tambara huku anaendesha kwenye mvua ya Buzuruga anahatarisha watu wote waliomo.

Wanunuzi wa magari yaliyotoka Japani nao huniuliza kuhusu vifaa wasivyovielewa. Sehemu ya magari hayo yalitengenezwa kwa mikoa ya baridi kama Hokkaido: yana betri kubwa zaidi, stata yenye nguvu, na wakati mwingine hita ya pili nyuma kwa ajili ya abiria. Baadhi ya Prado za dizeli zina kitufe cha kuongeza joto la hita injini ikiwa bado baridi. Hakuna sababu ya kuving'oa. Kagua uvungu kwa kutu, kwa kuwa chumvi humwagwa barabarani huko kuyeyusha theluji, na vifaa vyenyewe viache vilivyo. Zile plagi za kupasha silinda ambazo mafundi tunaziita hita plagi zipimwe moja moja hata kama gari linawaka vizuri bila hizo. Kwa asubuhi ya hapa kwetu injini nyingi huwaka hata kama moja imekufa, ila itatetemeka na kutoa moshi mweupe kwa dakika za kwanza, na mwenye gari atapelekwa kubadilishiwa nozeli za kupuliza mafuta zisizo na kosa.

Na mwenye wasiwasi na themostati yake anaweza kuipima jikoni kwake. Chukua sufuria ya maji, itumbukize ikiwa imening'inizwa kwa waya isiguse chini, weka na kipimajoto kama unacho, kisha pasha taratibu. Mlango uanze kufunguka karibu na namba iliyogongwa juu, na ufunguke vizuri kabla maji hayajachemka. Usawa wa ziwa letu ni mita 1,134, kwa hiyo maji huchemka hapa kwenye nyuzi 96 hivi na siyo 100, na themostati ya 82 au 88 bado ina nafasi ya kutosha. Ikichemka bila kufunguka, hiyo ni mbovu. Ikikaa wazi ikiwa ya ubaridi, mbovu vilevile. Unapoirudisha kwenye injini, nta ielekee upande wa injini, gasketi iwe mpya, na kile kitundu kidogo chenye kipini kinachochezacheza kikae juu, ili hewa iliyonaswa kwenye bloku ipate pa kutokea wakati unajaza kulanti.